Tarehe 7 Aprili: Siku Moja, Misiba Miwili



Kila mwaka ifikapo tarehe 7 Aprili ofisi hufungwa, kwa kuwa ni Siku ya Karume. Wengi wetu hapa Njiro twaijua zaidi kwa mapumziko yake kuliko kwa kisa chake. Tena tarehe hiyohiyo imebeba msiba mwingine, wa majirani zetu wa Rwanda, ambao mji wetu wa Arusha uliusikiliza mahakamani kwa miaka mingi. Juma hili tuitafakari misiba hiyo kwa pamoja.

Katika kalenda ya Kanisa, tarehe hiyo ni ya Mtakatifu Yohane Baptista wa La Salle, mlezi wa watoto maskini wa Ufaransa, aliyefariki siku ya Ijumaa Kuu, 7 Aprili 1719. Lakini mwaka 1972 na mwaka 1994 kumbukumbu yake ilipisha, kwa maana Pasaka iliangukia tarehe 2 na tarehe 3 Aprili. Misiba yote miwili, basi, ilitokea ndani ya Oktava ya Pasaka, Aleluya ikiwa bado midomoni mwetu.

Jioni ya Ijumaa, 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume alikuwa Kisiwandui, Unguja, katika makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, akicheza bao na wenzake. Wakaingia watu wenye silaha, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Muungano. Kesi iliyofuata ilisikilizwa katika mahakama ya wananchi ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyekuwa kizuizini Tanzania Bara, alihukumiwa kifo pasipo kuwapo mahakamani. Akaachiwa huru mwaka 1978.

Zikapita siku nyingi, miaka 22 kamili. Wapo wasemao kuwa ndege ya Rais Habyarimana iliondokea Arusha. Sivyo. Kilichotoka Arusha ni mkataba wa amani wa Rwanda, uliotiwa saini tarehe 4 Agosti 1993. Ndege iliondoka Dar es Salaam tarehe 6 Aprili 1994, baada ya mkutano wa viongozi wa kanda, ikiwa imembeba pia Rais Ntaryamira wa Burundi, nayo ikatunguliwa usiku ikikaribia kutua Kigali. Kulipokucha, Alhamisi tarehe 7, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana aliuawa, na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda wakauawa pia. Katika nyumba ya mafungo ya Wajesuiti, Centre Christus, waliuawa watu 17, wakiwamo mapadre na wasichana waliokuwa mafungoni. Injili ya Alhamisi ile ya Oktava ni ile ya Luka, ambamo Bwana Mfufuka anasimama kati ya wanafunzi, anawatakia amani na kuwaonyesha mikono na miguu yake.

Kabla mwezi haujaisha, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Katika siku mia moja waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi, wengi wao Watutsi.

Ndipo jambo hilo likarudi Arusha. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa Novemba 1994 iliketi katika Jumba la Mikutano la Kimataifa hadi mwisho wa mwaka 2015. Washtakiwa walikuwa 93. Hapo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari, hukumu ya kwanza ya namna hiyo kutolewa na mahakama ya kimataifa. Watu walilalamika kwamba kesi zinakwenda polepole mno, na gharama zake ni kubwa. Hata hivyo kila mshtakiwa alikuwa na wakili na mkalimani, na tukikumbuka kesi ya Zanzibar, kwetu sisi hilo si jambo dogo.

Nasi Wakatoliki hatuna budi kulitaja lile linalotuuma. Mmoja wa waliohukumiwa hapa Arusha alikuwa padre, Athanase Seromba wa parokia ya Nyange. Kanisa lake lilibomolewa kwa katapila tarehe 16 Aprili 1994, ndani yake mkiwa na Watutsi wasiopungua 1,500 waliokimbilia humo. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilimpa kifungo cha maisha.

Tangu mwaka 2004 dunia nzima huwakumbuka marehemu wa Rwanda tarehe 7 Aprili. Mwaka 2024, ulipotimia mwaka wa thelathini, siku hiyo iliangukia Dominika ya Huruma ya Mungu, ambayo hufunga Oktava. Tunaziomba jumuiya ndogondogo, zitakapoandaa sala za waamini za Siku ya Karume, ziweke nia mbili: moja kwa ajili ya Mzee wetu wa Kisiwandui, na nyingine kwa ajili ya wale wa Kigali na Nyange.