Kipande Shingoni: Siasa Inapoingia Nyumbani

Mtahiniwa anapotakiwa kuonyesha siasa katika tamthilia au riwaya, aghalabu hukimbilia hotuba za viongozi, uchaguzi na mapinduzi. Mhusika anaponyimwa ruhusa ya kwenda kumzika mzazi, au anapolipwa nusu ya alichoahidiwa, mtahiniwa huyo huandika "maisha ya kila siku" na kuyaweka chini ya hoja nyingine. Utengano huu humpotezea alama, na tena humnyima ufahamu wa kazi anayoisoma. Makala haya yanachukua mfano mmoja kutoka historia ya Kenya, kipande, ili kubainisha kwamba siasa na maisha ya kawaida ni chanda na pete.

Neno na Sheria

Kipande, kwa maana yake ya awali, ni sehemu iliyokatwa kutoka kwenye kitu kizima. Katika mashamba makubwa ya Afrika Mashariki neno hili lilikuja kutumiwa kwa kadi ya kazi ya siku thelathini, ambayo kibarua alitiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi. Serikali ya kikoloni nchini Kenya ndiyo iliyolipa uzito mwingine. Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka wa 1915, ikacheleweshwa na Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikatekelezwa kuanzia 1919 na 1920. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka kumi na sita alilazimika kuwa na hati yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi alizowahi kufanya. Hati ilitiwa katika kijaluba cha chuma, nacho kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Tayari hapo pana uhakiki: watu waliona kwamba mchungaji amegeuzwa mfugo, wakalisema hilo kwa neno moja.

Jinsi Kilivyofanya Kazi

Nguvu ya kipande haikuwa katika chuma bali katika saini. Mwajiri alipaswa kutia saini ya kumwachilia mfanyakazi; bila saini hiyo, mfanyakazi hakuweza kuajiriwa kwingine kwa njia halali. Kwa kuwa mshahara wa awali uliandikwa humo, mwajiri mpya aliuona na hakuwa na sababu ya kutoa zaidi. Aliyetoroka kazini alihesabiwa kuwa mhalifu, na alama za vidole vyake zilirahisisha kumsaka.

Tuongeze kodi hapo. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na ya kichwa ikafuata mwaka wa 1910. Kodi ilidai fedha taslimu, na kwa wengi fedha zilipatikana kwa kumfanyia mlowezi kazi. Kwa hiyo kodi ilimsukuma mwanamume kutoka nyumbani, nacho kipande kikamzuia asirudi apendapo. Wanawake hawakuvaa kipande, lakini walikihisi: kazi za shamba na malezi ziliwaelemea waume zao walipokuwa mbali. Kwa njia hiyo sheria iliyotungwa Nairobi iliamua nani alime, nani awe mezani jioni na nani azikwe bila mwanawe kuwepo.

Sauti za Upinzani

Mwaka wa 1921 walowezi waliazimia kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Harry Thuku alikusanya malalamiko kuhusu mishahara, kodi, kipande na kazi za kulazimishwa zilizowahusu hata wanawake na wasichana. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi mjini Nairobi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawakabili wanaume waliokuwa wakisitasita. Askari walifyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kipande chenyewe kiliendelea hadi 1947, ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote. Hapo ndipo walowezi wengi waliponung'unika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha.

Faida kwa Mhakiki

Chukua Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui. Lanina huwaongoza wafanyakazi katika shamba la mlowezi. Wanafunzi wengi huandika kwamba "Lanina ni jasiri", wakatoa mfano mmoja na kusonga mbele. Hatudai kwamba Mazrui alimchora Lanina kutokana na Nyanjiru. Tunadai kwamba msomaji anayejua yaliyotukia mwaka wa 1922 atauliza maswali yenye kina zaidi: Ujasiri huu unamgharimu nini nyumbani? Ni sheria gani inayompa mwajiri sauti juu ya ndoa ya mfanyakazi? Kwa nini kuacha kazi si jambo jepesi?

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Historia haibandikwi juu ya matini kama stempu juu ya barua. Mtahiniwa aanze na tukio lililomo kitabuni, aeleze linamfanyia nini mhusika, ndipo ataje hali ya kihistoria inayolielezea. Akianza na historia atajikuta ameandika insha ya somo jingine.

Leo Wakenya wengi wangali wanakiita kitambulisho "kipande". Chuma kimetoweka, neno limebaki.

Maswali ya Kujadili Darasani

1. Teua kifaa kimoja cha kawaida (ufunguo, risiti, kadi) katika kitabu unachokisoma. Ni nani mwenye mamlaka juu ya kifaa hicho?
2. "Siasa huonekana zaidi jikoni kuliko jukwaani." Jadili kwa kurejelea wahusika wawili.