Safu ya Lugha: M.2 ni umbo, si kasi

Matangazo ya vifaa vya kompyuta yamezoea kuandika "diski ya M.2" kwa maana ya "diski yenye kasi". Matumizi hayo ni potofu. M.2 ni jina la umbo la kadi na la tundu lake kwenye ubao mama. Kadi iliyozoeleka ina upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Kasi ni suala la njia inayopitisha data. Njia ya SATA huishia takriban megabaiti 600 kwa sekunde, hata ikivaa umbo la M.2. NVMe, iliyotolewa mwaka 2011, hupita njia ya PCIe na huweza kuvuka 3,000.

Wapo watakaosema mnunuzi hana haja na majina, mradi kadi iingie. Lakini kuingia si kufanya kazi: kadi ya SATA yaweza kukaa sawasawa kwenye tundu linalopokea NVMe pekee, na kompyuta isiione kabisa. Kwa hiyo muuzaji aandike jina kamili, "M.2 SATA" au "M.2 NVMe", na mnunuzi asome kitabu cha ubao mama kabla ya kulipa.