Watu wa Urambo Walikwenda Wapi?



Mwaka 2013 nilikuwa Urambo, mkoani Tabora, nimekaa kwenye kibanda cha chai karibu na kituo cha gari moshi. Kijana mmoja, mwalimu, alitoa daftari lake akanionyesha namba mbili. Ya kwanza ni ya sensa ya mwaka 2002: Wilaya ya Urambo ina watu 370,796. Ya pili ni ya sensa ya mwaka 2012: Wilaya ya Urambo ina watu 192,781. Akaniuliza, "Mzee, hebu nieleze. Hapa wamepungua watu 178,015. Wamekwenda wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, benchi zima lilikuwa limekwisha kujibu. Mmoja alisema ni maradhi. Wa pili alisema ni njaa, watu wamekimbilia mjini. Wa tatu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo kuna jambo tunafichwa. Mwenye kibanda, mama mtu mzima, alikuwa akimimina chai. Alicheka, akasema, "Nyie nanyi! Si wako Kaliua?"

Mama yule alisema kweli tupu. Wilaya ya Urambo iliyohesabiwa mwaka 2002 ilikuwa kubwa. Baadaye ilikatwa, sehemu moja ikawa Wilaya ya Kaliua, na sensa ya 2012 ilipopita, Kaliua ilihesabiwa peke yake: watu 393,358. Jumlisha Urambo mpya na Kaliua, utapata watu 586,139. Maana yake, katika eneo lilelile la zamani watu hawakupungua hata kidogo. Waliongezeka zaidi ya laki mbili katika miaka kumi.

Tulicheka sote, kijana akafunga daftari lake. Lakini mimi niliondoka na fikra moja, nayo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo. Sisi tulikuwa na bahati ya kuwa na mama anayejua mpaka umepita wapi. Je, ingekuwaje kama angekuja mtu baada ya miaka mia moja, akazikuta namba zile mbili tu? Bila shaka angeandika kitabu juu ya maafa makubwa ya Urambo. Angetafuta ugonjwa, angetafuta vita, na kwa kuwa atafutaye hakosi, angepata cha kuandika.

Basi twendeni kwenye Urambo ya zamani, tuone kama jambo la namna hiyo haliwezi kuwa limekwisha kutokea.

Katika karne ya 19 nchi hii ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Tabora, akaifunga njia ya misafara iendayo Ujiji, hata Henry Morton Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, ikambidi azunguke kusini. Makao yake yalijaa watu: askari na jamaa zao, mateka, wafanyabiashara, wapagazi waliotua mizigo. Mirambo alifariki mwezi Desemba 1884, na katika miaka michache dola yake ikasambaratika. Watu walimfuata mtemi alipokuwa na nguvu. Nguvu zilipokwisha, wakatafuta pengine pa kuishi.

Sasa mjalie msafiri aliyepita mwaka 1880 akaona mji mkubwa, na mwingine aliyepita miaka kumi na mitano baadaye akaona magofu na pori. Wa pili ataandika nini? Ataandika kwamba watu wamekwisha. Kwa hakika vifo vilikuwapo. Ndui ilisafiri na misafara, na kuanzia mwaka 1890 hivi sotoka iliwafyeka ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, njaa ikafuata. Lakini mji kuwa tupu si hati ya kifo ya kila aliyekuwamo. Wako waliokufa, na wako waliohama. Msafiri apitaye njiani hawezi kuwatenga.

Tena wasafiri wenyewe walihesabu vipi? Waliona nyumba wakakisia wakaaji wake. Waliona vijiji vya kando ya njia wakakisia vya ndani ambako hawakufika. Na Wanyamwezi, kama mjuavyo, walikuwa mabingwa wa upagazi. Baada ya mavuno wanaume kwa maelfu walishika njia ya pwani na mizigo mabegani, na wengi wao walijitahidi kurudi mvua zinapokaribia ili wawahi kulima. Mgeni akifika kiangazi kijijini, anakuta akina mama, watoto na wazee. Akifika masika, anakuta nyumba zimejaa. Kijiji ni kilekile, ila hesabu ni mbili.

Ndiyo sababu sensa ya siku hizi ina usiku wake mmoja. Mwaka 2012 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Karani wa sensa haanzi kwa kuuliza kwenu ni wapi. Anauliza ni nani waliolala hapa usiku ule. Utaratibu huo huwaudhi watu wengi, husema, "Mbona mwanangu aliye Dar es Salaam hamkumwandika?" Wamemwandika, ndugu, huko huko alikolala. Wakimwandika na kwako, tutakuwa tumemzaa mara mbili.

Wakoloni nao walipokuja walihesabu, lakini kwa jicho la kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaendelea na kodi zao. Hesabu za mwanzo za Waingereza, za miaka ya 1921, 1928 na 1931, zilipitia kwa watemi, majumbe na daftari za kodi. Nani asiyejua mambo ya daftari la kodi? Kijana huingia porini, watu wa nyumba mbili hujibana katika moja, na watoto wachanga, ambao hawalipi kitu, nani ahangaike kuwaandika? Tena kwetu wazee wengi waliona ni mkosi kuwahesabu watoto kama kuku. Nakumbuka bibi yangu, ukimwuliza ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo, Mungu anawajua."

Mwaka 1931 Tanganyika iliandikwa kuwa na Waafrika milioni 5 hivi. Mwaka 1948 ilipofanyika sensa ya kwanza ya kisasa, wakaonekana milioni 7.4. Je, tulizaana kwa kasi hiyo katika miaka 17? Kuzaliana kulikuwapo, lakini sehemu ya ongezeko hilo ni watu waliokuwapo siku zote, ila hawakuandikwa. Robert Kuczynski, mtaalamu aliyezipitia takwimu za watu za makoloni ya Uingereza, alionya kwamba nyingi zilikuwa makisio yaliyovikwa koti la hesabu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote: kwa nini idadi ya waliokufa katika maafa haikai mahali pamoja? Leo tunaambiwa hivi, kesho vile, na vitabu viwili havikubaliani. Watu wengine huona ni uongo. Mara nyingine ni uongo kweli. Lakini mara nyingi sababu ni nyepesi, nayo ni hii: huwezi kujua wangapi wamekufa kama hukujua wangapi walikuwapo.

Chukua Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Wajerumani walitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Tofauti hii haikutokana na kujumlisha vibaya. Waliouawa kwa risasi ni fungu moja. Waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa na ghala kunyang'anywa ni fungu jingine, kubwa zaidi. Unapoamua kufunga hesabu siku ya risasi ya mwisho, unapata namba ndogo. Ukiiacha wazi mpaka njaa ipite, unapata namba kubwa. Lakini kote kuwili ni makadirio, maana kabla ya vita hapakuwa na sensa ya kulinganisha.

Au chukua homa ya mafua ya mwaka 1918. Tabora ilikuwa imetekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916. Nchi ilikuwa imechoka kwa vita, vyakula na vijana vimechukuliwa. Mafua yakaingia humo. Kwa Tanganyika nzima wanahistoria hukadiria waliokufa kati ya 50,000 na 80,000. Tazama nafasi iliyopo kati ya namba hizo mbili: watu 30,000. Huo ni mji mzima, ambao hatujui kama tuuweke upande wa walio hai au upande wa makaburi.

Usiseme hayo ni ya kale. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Ilijengwa kuchukua abiria 430. Idadi ya waliokufa inayotajwa huanzia karibu 800 na kufika 1,000. Kwa nini haijulikani moja kwa moja? Kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Wenye tiketi za juu waliandikwa, wanyonge wakapakiwa tu. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Kumbe hata watu.

Na si katika kifo tu ambapo hesabu mbovu huleta madhara. Rudini nami Urambo. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika, ikawakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Huenda iliokoa maisha mengi. Lakini walikotoka pori lilifunga, mbung'o wakatamalaki, na ramani ikabaki nyeupe.

Mwaka 1946 ukaja ujumbe wa wataalamu watatu ukiongozwa na John Wakefield, kutafuta ardhi ya kulima karanga ili Uingereza ipate mafuta. Walifanya kazi kwa majuma tisa, sehemu kubwa wakitazama nchi kutoka kwenye ndege. Ukiwa angani, nchi isiyo na moshi wa jikoni ni nchi tupu. Urambo ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Nachingwea. Habari za mbung'o walizijua, wakaamini kwamba matrekta yatawamaliza pamoja na miti. Mwezi Januari 1951 mpango ukatangazwa kuwa umeshindwa, pauni zipatazo milioni 36 zimekwenda na maji. Mvua, udongo na mitambo vilishiriki katika kushindwa huko, na wengi wameyaandika hayo. Mimi naongeza neno moja tu: nchi tupu haikosi sababu ya kuwa tupu, na anayejua sababu hiyo ni mwenyeji aliyehamishwa. Huyo haonekani kutoka angani.

Kinyume chake nacho kipo. Mwaka 1972 wakimbizi wa Burundi walifika, wengi wakapewa makazi Ulyankulu, ambako kulikuwa ndani ya Wilaya ya Urambo kabla haijakatwa. Kwa miaka mingi walilima, wakazaa, wakahesabiwa kila sensa, bila kuwa raia. Mwaka 2014 Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia Warundi wa mwaka 1972 wapatao 162,000. Siku ile hakuna mtu aliyezaliwa wala kuhamia, lakini idadi ya raia ilipanda. Na kwa kuwa Ulyankulu sasa iko Kaliua, mtu asomaye takwimu za Urambo peke yake hatawaona kabisa.

Basi, ndugu zangu, ukipewa namba ya watu, walio hai au waliokufa, usiikatae wala usiimeze. Iulize maswali matatu. Nani alihesabu, na alikuwa anataka nini: kodi, kura, au msaada? Mpaka wa hesabu ulipita wapi, mpaka wa ardhi na mpaka wa siku? Na kabla ya hapo, daftari lilikuwapo? Namba ikijibu yote matatu, iheshimu. Isipojibu, itaje, lakini itaje kama makadirio.

Mkoa wa Tabora ulihesabiwa kuwa na watu 3,391,679 mwaka 2022. Namba hiyo ndiyo inayopimiwa madarasa, visima na dawa. Siku ikitokea balaa, Mungu aepushe, ndiyo itakayotuwezesha kusema nani hayupo. Wapagazi waliozikwa kando ya njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji hawakuwa na daftari. Hatuwezi leo kuwarudishia majina yao, wala hatuwezi kusema kwa hakika walikuwa wangapi. Jambo tunaloweza ni kuhakikisha kwamba karani akibisha hodi hatuingii porini, na meli ikipakia abiria, wa daraja la tatu wanaandikwa pia.

Yule kijana mwalimu, tulipoagana, aliandika chini ya namba zake mbili neno moja kwa wino mwekundu: Kaliua. Nikamwambia awafundishe wanafunzi wake hivyo hivyo.

Tukijaaliwa, tutaonana juma lijalo.