Karakana ya Misumari, Monticello
Virginia, Marekani

Unasimama kwenye Mulberry Row, njia ya kazi ya shamba la Thomas Jefferson. Mwaka 1794 alifungua hapa karakana ya misumari. Wafuaji walikuwa wavulana watumwa wa miaka 10 hadi 16. Asubuhi walipimiwa fito za chuma. Jioni misumari yao ilipimwa, ili bwana ajue nani amepoteza chuma kiasi gani. Kwa siku walifua misumari 8,000 hadi 10,000. Isaac Granger, aliyefua chuma hapa ujanani, alikumbuka uzeeni kwamba waliofanya vizuri walipewa suti nyekundu au ya buluu.

Wavulana hawa hawakuwa na kura, lakini walihesabiwa. Katiba ya 1787 ilihesabu kila watumwa 5 kama watu 3 katika kugawa viti vya Bunge, na kwa hiyo pia kura za wajumbe wanaomchagua rais. Jasho la hapa liliipa Virginia misumari. Idadi ya watumwa wake iliipa nguvu ya kisiasa. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1800, New England yote, kaskazini-mashariki mwa nchi, ilimpa John Adams, mpinzani wa Jefferson, kura zake 39. Jefferson alimpita, 73 kwa 65. Virginia peke yake ilitoa 21. Katika miaka 36 ya kwanza ya urais, Wavirginia walitawala 32.

Misumari na vipande vya chuma vimefukuliwa katika udongo huu. Tafadhali usiokote kitu.