Kutoka Bunia hadi Kinshasa kwa ndege

Wagonjwa na wajumbe wetu wanapanda ndege hii mara kwa mara. Kutoka uwanja wa Bunia hadi N’djili, Kinshasa, ni kama kilometa 1.770 za hewani. Ndege ya jeti isiyotua njiani hutumia karibu masaa mawili na nusu. Kupitia Kisangani hakuongezi hata kilometa 20, maana mji huo uko karibu kwenye mstari uleule. Kinachokula muda ni kutua na kungoja.

Linalotukosesha zaidi ni saa. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukitoka Bunia saa nne asubuhi, unafika saa tano na nusu ya kwao. Ukitoka kule saa nne, unafika kwetu saa saba na nusu. Jamaa wanaomngojea mgonjwa N’djili waambiwe saa ya Kinshasa.