Nani Alikata Upepo?
Kwetu Migori na Homa Bay, baiskeli ni kazi: Black Mamba imebeba samaki, mahindi na abiria. Mbio? Hayo tulisikia ni ya wazungu. Lakini 2013 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah, alishinda Tour de France, ila kwa bendera ya Uingereza. Halafu 2017 Suleiman Kangangi, Mkenya wa Eldoret, akamaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, mbio za siku kadhaa ambazo muda wa kila siku hujumlishwa.

Watu huuliza nani alishinda. Mimi huuliza nani alimkatia upepo. Anayefuata nyuma ya mwenzake huokoa nguvu. Wenzake humletea maji, hata humwachia gurudumu lao. Matokeo huandika jina moja tu.

Kangangi aliielewa hesabu hiyo. Akiwa nahodha wa Team Amani, alitaka vijana wa Afrika Mashariki wapate nafasi. Alifariki Agosti 2022 akishindana Vermont, Marekani.

Barabara ya Rongo hadi Homa Bay ipo. Miguu ipo. Kilichobaki ni timu.