Harusi imepunguzwa, advansi inarudi?

Mwaka 2020 nilikuwa mweka hazina wa kamati ya harusi ya mdogo wangu. Sendofu ilikuwa ifanyike Iringa, kwao bibi harusi, tarehe 18 Aprili, na harusi yenyewe hapa Mbeya tarehe 25. Wageni 300. Ukumbi, mpishi, mpambaji na mtu wa video wote walishakula advansi.

Tarehe 16 Machi akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa corona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akasitisha mikusanyiko kwa siku 30. Mwanzoni mwa Aprili tukakaa kikao: watu 30 tu, nyumbani. Kurudi ukumbini kudai milioni 1 yetu, mwenyewe akahesabu siku kwenye kalenda: "Katazo linaisha kabla ya harusi yenu. Mmejitoa wenyewe." Nilikasirika sana, ila jamaa alikuwa na hoja.

Sheria ya Mikataba, Sura 345, ndivyo ilivyo. Kifungu cha 56 kinasema jambo mlilokubaliana likishindikana au likiwa kinyume cha sheria baada ya kukubaliana, mkataba unakufa. Hapo kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea pesa arudishe au afidie. Lakini kama hakuna katazo linaloigusa siku yenu, mmepunguza kwa kuogopa tu (na kuogopa kulikuwa na sababu), basi nyie ndio mmevunja mkataba. Bado hujafa lakini! Kifungu cha 73 kinampa fidia ya hasara aliyoipata kweli, na hata mkiwa mmeandikiana faini, kifungu cha 74 kinasema mahakama itatoa fidia ya haki isiyozidi hicho kiasi.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ni moja: umeshatumia shilingi ngapi? Mwenye ukumbi hakuwa amenunua hata kiti, ila risiti yake ilikuwa na maneno "pesa hairudishwi", na tulisaini. Tulibembelezana wiki 3, akarudisha laki 6 kwa awamu mbili. Mpambaji na mtu wa video hatukuwadai, walikuja kufanya kazi nyumbani kwa advansi ileile.

Balaa lilikuwa kwa mpishi wa Iringa. Mama mkubwa wa bibi harusi alimpelekea laki 8 taslimu, bila karatasi. Mpishi akasema alipokea 5. Sasa umwamini nani? Watu wa kwetu wakaanza kunong'ona juu ya mama wa watu, wiki moja kabla ya ndoa. Pesa ya ukumbi ilipita kwenye simu, meseji ipo, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ushahidi wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Madai yasiyozidi milioni 30 unaweza kufungua Mahakama ya Mwanzo. Sisi tungeenda na nini? Tukachukua 5 tukanyamaza.

Waliochangia nao walikuwa wanapiga simu. Nilimsomea kila mmoja daftari, mstari kwa mstari. Ile laki 3 niliilipa mwenyewe, na mama mkubwa mpaka leo hajui.